Chuma Katika Nyumba ya Seremala

Mkunga alipozungusha ufunguo, gari halikukohoa hata mara moja. Alijaribu tena. Kimya. Akashuka kwenye mvua ya alfajiri, akafungua boneti, na kwa tochi ya simu akaona tundu tupu mahali pa betri, nyaya mbili zikining'inia kama mikia ya panya. Hakupiga kelele wala hakumlaani mtu. Alivua viatu, akavibana kwapani pamoja na mkoba wake wa kazi, akaanza kukimbia.

Alifika nyumbani kwa mzazi tope limemfika magotini. Mtoto alikuwa ameshatoka, kitovu kimemzunguka shingoni, rangi yake ya majivu, na bibi yake amempakata kama mtu aliyeshika chungu kilichopasuka. Mkunga alimpokea, akamfungua, akamsafisha puani, akamsugua mgongo, akampulizia. Kimya kilikaa chumbani mpaka kuta zikaonekana kusogea. Halafu kile kiumbe kikakunja uso, kikalia, na watu wazima wote waliokuwamo wakalia nacho.

Hakuna aliyemlaumu. Tena bibi wa mtoto alileta beseni, akapiga magoti, akamwosha Mkunga miguu kwa mikono yake mwenyewe. Hilo ndilo lililomchoma. Alikaa pale kitini miguu yake ikioshwa, akijua kwamba angekawia kidogo tu zaidi, maji yale yale yangekuwa ya kuoshea maiti.

Aliporudi nyumbani, mumewe alikuwa tayari yuko kazini, chini ya paa la mbele ya nyumba, anapiga randa ubao wa meza. Maranda yalikuwa yamemfunika miguu.

"Baba watoto," alisema, "gari halilali nje tena."

"Haliwezi," mumewe alikubali. Alikuwa ameshaona boneti. "Nitakujengea banda. Hapo hapo ubavuni mwa nyumba."

"La chuma."

Randa ilisimama katikati ya ubao.

"La nini?"

"La chuma. Cheche, fundi wa kuchomelea, analimaliza kabla ya mwezi kuisha. Wewe una meza za watu, una makabati ya watu, banda langu litasubiri mpaka lini? Na mwizi wa betri akija na msumeno?"

Seremala aliweka randa chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Mke wangu. Mtu akija hapa kuagiza kitanda, akaona chuma kimesimama uani kwangu, atasemaje? Atasema seremala mwenyewe haziamini mbao zake."

"Atasema seremala anampenda mkewe."

"Atasema hivyo, halafu atakwenda kununua kitanda cha chuma."

Mkunga alicheka bila kutaka, kisha akanyamaza, maana alijua kuwa kicheko hicho kilikuwa kimekanyaga kidonda.

Kwa miaka mingi hapakuwa na mlango katika mtaa ule ambao haukupita mikononi mwa mumewe. Watu walizaliwa mikononi mwa mke, wakalala kwenye vitanda vya mume, na mzaha wa mtaa ulikuwa kwamba nyumba ile ingeongeza kuchimba makaburi tu, basi biashara ingekamilika. Lakini siku hizi milango ilikuwa inamkimbia Seremala. Watu walitaka geti la chuma, dirisha la chuma, hata kiti. Wiki hiyo hiyo, bwana mmoja ambaye Seremala aliwahi kumtengenezea kitanda cha harusi alipita na mkokoteni uliobeba mlango mpya kutoka kwa Cheche. Alipofika mbele ya karakana ya Seremala aliinama ghafla, akajifanya anakagua gurudumu, akaendelea kulikagua huku mkokoteni ukitembea, mpaka alipovuka kona. Seremala aliona yote. Alitamani bwana yule angemsalimu tu, hata kwa dharau.

Ndiyo maana neno la chuma lilipotoka kinywani mwa mkewe, aliona kama mlango wa mwisho umefungwa na mtu wa ndani.

"Nina mbao," alisema. "Unajua nina mbao."

Mkunga alijua. Kibandani nyuma ya jiko kulikuwa na boriti za ghala la zamani lililobomolewa, mbao ngumu, nyeusi kwa umri, ambazo mumewe alizinunua walipokuwa bado vijana na kuapa kuwa hataziuza. Wateja waliziulizia, akakataa. Zilikuwa zinangoja kazi ya maana.

"Kazi ya maana imefika," alisema Seremala. "Nipe muda. Mke wa seremala hatalaza gari lake ndani ya mkebe."

Mkunga alikuwa amechoka mno kubishana. "Haya," alisema. "Lakini nikikimbia tena kwenye mvua, mbio hizo zitakuwa zako."

Siku ya pili Seremala alihamisha makopo na magunia yaliyozuia mlango wa kibanda, akaingia. Boriti zilikuwa zimelala pale pale, pana, nzito, bega kwa bega. Kwenye moja aliona alama za penseli alizochora ujanani, na moyo wake ukafurahi kama amekutana na rafiki. Akapanua miguu, akakaza mgongo kwa ajili ya uzito, akainua.

Boriti iliinuka kama kikapu. Nusura aanguke chali.

Aliisimamisha ukutani akaitazama. Ilikuwa nzima, haina ufa. Aliigusa kwa kidole gumba palepale penye alama ya penseli, na kidole kikazama mpaka kwenye kiungo.

Aliipasua kwa mikono, kama anamega mkate. Ndani hapakuwa na ubao. Palikuwa na vyumba. Vyumba na ujia, ghorofa juu ya ghorofa, kuta nyembamba kuliko karatasi, zimepinda vizuri, laini kana kwamba zimepigwa msasa, zote zikifuata mkondo wa mti wenyewe. Wachache kati ya mchwa wenye mji ule walitoka, wakashangaa mwanga, wakarudi ndani. Walikuwa wamekula kila kitu ila ganda la nje. Hata penseli yake walikuwa wameiachia mahali pa kukaa.

Alijaribu ya pili. Ya tatu. Akakaa chini kwenye vumbi.

Kwanza alihisi aibu, aibu ya moto, mpaka masikio yakawasha. Fundi mzima, analala jirani na mbao zake na hajui kuwa zimebaki jina. Kisha, kadiri alivyozidi kutazama, aibu ilimtoka bila yeye kuona ilikopitia. Alilisogeza pande lile kwenye mwanga wa mlango. Alitafuta kosa. Alitafuta ukuta uliopinda vibaya, chumba kilichoachwa nusu. Hakuona.

"Mama watoto," aliita. "Njoo. Acha unachofanya uje."

Mkunga alikuja mbio, akidhani ameumia. Alimkuta amekaa sakafuni, pande la boriti mapajani, uso wake umefunguka kama wa mtoto.

"Tazama," alisema mumewe. "Wamefanya kazi hii bila taa. Bila gundi, bila msumari. Hakuna aliyewapimia. Na mimi naita kile changu msumeno!"

Mkunga alichuchumaa. Neno "nilikwambia" lilikuwa mdomoni mwake tangu mlangoni, lakini alipoona ule mji alilimeza, likashuka bila taabu. Alipitisha kidole juu ya ujia ule bila kuugusa.

"Nimeshaona kitu kama hiki," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye kondo la nyuma, ukiligeuza upande wa mtoto. Vijia vile vile, vinatawanyika, vinatawanyika, mpaka macho yanashindwa. Kila mara najiambia nimezoea. Sijazoea."

Walikaa pale muda mrefu, mkunga na seremala, wakitazama mali yao iliyoliwa. Mwishowe mume akajipangusa vumbi, akasimama.

"Nitakwenda kwa Cheche," alisema.

"Nitakwenda mimi."

"Hapana. Aibu hii ni saizi yangu, acha niivae mwenyewe."

Karakana ya Cheche ilikuwa barabarani, mahali pa wazi, na hapakuwa na njia ya kuiendea bila kuonekana. Muuza maji alimwona. Wanawake wa saluni walimwona, na mmoja akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Kinyozi alisimamisha mashine, mteja wake akabaki na kichwa kilichonyolewa nusu, naye akageuka kutazama.

Cheche alikuwa mtu wa maneno mengi, mikono yake ina madoa ya moto kama chui. Kwa miaka alikuwa amejitayarishia maneno ya siku hii. Alikuwa nayo ya kuchekesha na ya kuumiza. Alipomwona Seremala amesimama mbele yake, kofia mkononi, alizima mashine.

"Leo jua limetokea upande gani?" alianza.

"Nataka banda la gari," alisema Seremala. "La mke wangu. La chuma."

Cheche aliinua kinga yake ya uso. Alingoja maneno yake yaje, hayakuja. "Unaumwa?"

"Mchwa. Zile boriti zangu."

"Za ghala?"

"Zote."

"Aa, pole, kaka," alisema Cheche, na mwenyewe akashangaa kwamba pole hiyo imetoka moyoni. Alimvutia kiti. Kilikuwa cha mbao. Seremala alikitambua, ni kazi ya mikono yake, ila wote wawili hawakulitaja. "Usidhani mimi nalala usingizi. Chuma nacho kina mchwa wake. Wanaitwa kutu. Tofauti ni kwamba wangu wanakula hadharani."

Seremala alicheka, na watu wa saluni, waliokuwa wanangoja ugomvi, wakarudi kwenye vichwa vyao.

Akawa anakwenda kila alasiri kuangalia kazi. Alisema anakwenda kuhakikisha vipimo. Siku moja Cheche alimkabidhi kinga ya pili yenye kioo cheusi. "Vaa. Utazame mwenyewe, si kusimuliwa."

Ndani ya kinga dunia ilizimika. Halafu Cheche akagusa, na katika giza lile likazaliwa jua dogo, na ndani ya jua Seremala aliona chuma kikiwa maji. Kilitetemeka, kikajikusanya, kikatiririka kutoka pande hili kwenda lile, kikatulia. Mwanga ulipozima alivua kinga, akainama kutafuta mahali vipande viwili vilipokutana. Maisha yake yote alikuwa ameviunganisha vitu vilivyokubali kukaa pamoja: ulimi ndani ya tundu, pembe juu ya pembe. Hapa hapakuwa na makubaliano. Vilikuwa viwili, sasa ni kimoja.

"Kila siku unaona hivi?" aliuliza.

"Kila siku," alisema Cheche. Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake, "Sijawahi kumwonyesha mtu."

Kiunzi kilipokamilika kilisimama kando ya barabara kama mifupa ya mnyama ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiwa na nyama. Nguzo, mihimili, kenchi za paa, vyote vimeungana, vimepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Watu walipita chini yake wakitazama juu. Na hapo ndipo Cheche alipoishiwa rangi ya uso.

Alichukua futi kamba yake, akaenda kwenye mdomo wa kichochoro cha kuelekea kwa Seremala, akapima, akapima tena. Kichochoro kile kilipitisha gari vizuri. Nyumba ya gari hakikuipitisha.

"Nilipima uwanja," alisema. "Sikupima njia."

Mkunga alikuwa ameitwa kutoka zahanati. Alimkuta Cheche amekaa juu ya tairi, kichwa mikononi.

"Kikate vipande, ukakiunge upya uani," alisema kinyozi, ambaye kila jambo alikuwa na neno nalo.

"Umeme wa kule ndani haubebi mashine yangu. Nikiwasha, mtaa mzima unalala giza. Nikifunga kwa bolti, hapo nilipokata ndipo upepo utakapoanzia kukivunja." Cheche hakuinua uso. "Mama, nitakirudia upya. Kwa gharama yangu. Lakini si mwezi huu."

Watu waliguna. Seremala alitazama chini. Kama angetaka kulipiza miaka yote, nafasi ilikuwa hiyo, nayo haikuwa na ladha yoyote.

Mkunga alikizunguka kiunzi. Alikitazama kwa upande, akainamisha kichwa, akakitazama kwa upande mwingine. Aliitupia macho njia, na kuta zilizoifuata kushoto na kulia, ambazo zilizidi kimo cha mtu kidogo tu.

"Mtoto akikaa vibaya tumboni," alisema, "hatumkati vipande. Tunamgeuza."

Mumewe na Cheche walitazamana.

"Juu," alisema Seremala taratibu. "Kipite juu ya kuta."

"Nani atakibeba?" aliuliza Cheche.

"Wa njiani watabeba kati," alisema Mkunga. "Wa nyumbani watapokea pembeni, kila mtu uani kwake. Tuwaombe."

Walipita nyumba kwa nyumba mke na mume, wakaomba. Haikuwa rahisi. Kuna mlango walijibiwa kupitia dirishani. Kuna bwana aliyeuliza kama ukuta wake ukipasuka ataujenga Mkunga kwa bomba la sindano. Nyumba ya mwisho kabla ya kwao hawakugonga kabisa. Alikaa pale mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ofisi, ambaye mtaa ulimwita Bwana Ruhusa, kwa sababu hata mpira wa watoto ukiangukia kwake hautoki bila barua.

Siku ya mapumziko, jua likiwa limeanza kulegea, watu walijipanga. Mkunga alitegemea wachache. Walikuja wenye mabega na wasio na mabega. Walikuja wanawake wa saluni, muuza maji, na yule bwana wa mkokoteni, ambaye safari hii alimtazama Seremala usoni akasema, "Shikamoo, fundi," na Seremala akaitikia, "Marahaba," kana kwamba hakuna gurudumu lililowahi kukaguliwa. Cheche aliingia chini ya pembe nzito kuliko zote. Seremala alisimama mbele, anatazamana na kiunzi, ili akiongoze akirudi kinyumenyume.

"Kwa pamoja," alisema. "Msikurupuke. Haya... inukeni!"

Kiliinuka.

Hakuna aliyeshangilia. Watoto waliokuwa wanapiga kelele walinyamaza wenyewe. Kile kitu kikubwa, chekundu, kilipanda mpaka juu ya vichwa, kikapanda zaidi, kikalala upande kama Mkunga alivyoonyesha kwa mikono yake miwili, na ghafla kikawa angani, mbingu inaonekana kati ya mbavu zake.

"Kushoto, shusheni kidogo. Hapo. Kulia, pokeeni!"

Na juu ya kuta mikono ikatokea. Mikono tu, bila vichwa, kwa sababu wenyewe walikuwa wamesimama nyuma ya kuta zao juu ya ndoo na viti. Mkono wenye povu la sabuni. Mkono wenye bandeji. Mikono ya bibi, mishipa imesimama. Mikono iliyolowa unga. Ilijinyoosha, ikagusa chuma, ikakipokea, ikakisogeza, ikakiachia mikono ya ua unaofuata. Kiunzi kilitembea juu ya mtaa polepole, kivuli chake kikipita juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya kuku, juu ya nyuso zilizoinuliwa. Seremala alirudi nyuma hatua kwa hatua, akitoa amri. Alikuwa amewatengenezea watu hawa milango ya kujifungia. Hakuwahi kuwaona wote wakiwa upande mmoja.

Walifika kwenye ukuta wa mwisho, na mkono haukutokea.

"Simameni!" alisema Seremala. Kiunzi kilisimama, pembe yake moja ikining'inia juu ya ua wa Bwana Ruhusa. Mikono ilianza kutetemeka. Cheche, shingo imekakamaa, alisema kwa meno, "Fundi, usikawie."

Geti dogo lilifunguka. Bwana Ruhusa alitoka, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mmeniomba ruhusa?"

"Hatukukuomba, mzee wangu," alisema Seremala.

"Kwa nini?"

Seremala angeweza kutunga kitu. Jasho lilikuwa linamwingia machoni. "Nilidhani utakataa."

"Ningekataa," alisema mzee.

Kisha akainua macho. Labda hakuwa amekiona mpaka hapo, alikuwa ameona watu tu. Alikitazama kile kiunzi kilichoning'inia kati yake na jua, akafuata mihimili mpaka mwisho wa kichochoro, ukuta baada ya ukuta, mikono juu ya kila ukuta. Mdomo wake ulifunguka kidogo. Alivua miwani, akaitia mfukoni. Akavua koti, akatafuta mahali pa kulitundika, akamkabidhi mtoto wa kwanza aliyekuwa karibu.

"Nishike wapi?" aliuliza.

"Pale, mzee. Panda kwenye ngazi yako."

Ile pembe ilipata mikono yake miwili, myembamba, iliyozoea kalamu. Kiunzi kikasogea tena. Kikavuka. Kikageuzwa, kikakaa wima, kikashuka, miguu yake ikaingia kwenye mashimo iliyochimbiwa, na ardhi ikatoa sauti ndogo ya kukipokea. Hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba wana sauti. Kelele iliyopigwa ilisikika mpaka zahanati, na wagonjwa wakauliza kumetokea nini.

Cheche hakupiga kelele. Alikuwa ameinamia ukuta, anapangusa uso kwa mkono wenye vumbi, akisema ni jasho.

Baada ya zege kukauka na mabati kupigwa, Mkunga aliliingiza gari lake. Lilionekana dogo mno mle ndani, kama mbegu ndani ya ganda. Watu wa mwisho walikuwa wameshaaga, jua lilikuwa limezama sasa hivi, na uani palibaki baridi ya kwanza ya jioni. Seremala alibaki ameegemea nguzo.

"Mama watoto," aliita. "Njoo usikie. Kinasema."

"Kinasema nini?"

"Sikiliza."

Mkunga alitoka, anapangusa mikono kwa kanga. Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha kutoka juu, kwenye mabati, ilitoka sauti kavu, ndogo: tik. Kimya. Halafu kwenye mhimili: tik. Halafu chini, karibu na mkono wa mumewe.

"Ni joto la mchana linatoka," alisema. "Kinapoa tu, baba watoto."

"Najua kinapoa. Mbao nazo najua kwa nini zinalia usiku, lakini bado nazisikiliza. Hiki nilidhani ni bubu."

Mkunga alimtazama. Kisha alifanya jambo ambalo alilifanya kila siku ya maisha yake kazini, bila kufikiri: alipiga goti, akashika nguzo kwa viganja viwili, akaweka sikio lake pale kama juu ya tumbo la mjamzito, akafumba macho. Mumewe akangoja kama wanavyongoja waume wote mbele yake.

Alikaa hivyo kitambo. Uso wake ukalainika.

"Yupo," alisema. "Anacheza."